Kutafiti ustawi wa watoto walio chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii Dar es Salaam: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtoto aliyeingia katika mfumo wa ustawi wa jamii huulizwa maswali na watu wengi. Mwenyekiti wa mtaa humwuliza, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto humwuliza, afisa ustawi wa jamii humfungulia jalada na kumwuliza upya, kisha daktari, kisha mlezi wa makao ya watoto, na pengine hakimu. Na wengi wao, wakishapata majibu, hawaonekani tena. Mtafiti anayebisha hodi akiwa na dodoso ni mtu mwingine katika msururu huo. Mwongozo huu nimewaandikia wale wasiotaka kuwa wapita njia: mwanafunzi wa ustawi wa jamii anayeandaa tasnifu, afisa wa halmashauri aliyepewa kazi ya tathmini, au mfanyakazi wa asasi anayetaka kujua kama huduma zao zinawafaa watoto. Nimefanya kazi hii katika jiji hili kwa miaka kadhaa, na mambo kadhaa ninayoyaonya humu nimejifunza baada ya kuyakosea.

Hatua ya kwanza: amua ni mtoto yupi na ni ustawi upi

Msemo wa “watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi” ni mpana mno kwa utafiti mmoja. Mtoto anayelelewa katika makao ya serikali kule Kurasini, anayelelewa katika makao ya taasisi ya dini, aliyepelekwa kwa familia ya kuaminika (iliyoteuliwa kumhifadhi mtoto kwa muda mfupi) kwa wiki chache huku ndugu zake wakitafutwa, aliye katika malezi ya kambo (yaani kulelewa na familia isiyo yake chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii), aliye mahabusi ya watoto akisubiri shauri lake, na yule anayelala stendi ya daladala ilhali jina lake limo katika daftari la afisa ustawi, wote wanahusika na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini siku zao hazifanani hata kidogo, na wastani utakaoupata kwa kuwachanganya hautamweleza yeyote kati yao. Chagua kundi moja, au mawili unayotaka kuyalinganisha, na uweke mipaka ya eneo. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022, na una halmashauri tano, yaani Jiji la Dar es Salaam lililorithi eneo la Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Utafiti wa mtu mmoja hauwezi kuzibeba zote kwa heshima inayostahili.

Kisha amua unachokiita ustawi. Majalada yetu yameumbwa kurekodi matukio: mtoto amepokelewa, amepimwa afya, ameandikishwa shule, amehamishwa. Mambo hayo yote yanaweza kuwa yametimia kwa mtoto ambaye hana mtu wa kumwamsha anapoota ndoto mbaya. Ndiyo maana napendelea swali la utafiti lenye vipande vitatu vinavyoonekana wazi, yaani ni nani, ni jambo gani la maisha yake, na katika kipindi gani, kwa mfano, “Mahusiano ya watoto wa miaka 10 hadi 14 na walezi wao hubadilikaje katika miezi sita ya kwanza tangu walipotoka makao na kurudishwa kwa ndugu?” Swali la namna hiyo litakulazimisha kurudi kwa mtoto yuleyule zaidi ya mara moja, na kurudi huko ndiko kunakobeba mengi ya yatakayofuata.

Hatua ya pili: soma kilichopo kabla ya kumwuliza mtoto

Kila jibu unaloweza kulipata kwenye daftari, usimtolee jasho mtoto. Tarehe ya kupokelewa, idadi ya mahali alikopitia, darasa analosoma na historia ya matibabu ni mambo ya jalada, na kumfanya mtoto ayasimulie tena ni kumrudisha katika siku ambayo huenda anajitahidi kuisahau. Omba pia takwimu za kitaifa zikupe mizani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ukizingatia kwamba hao walikuwa vijana wa kaya za kawaida, ingia katika makao au mahabusi ukijua kwamba miongoni mwa watoto utakaokaa nao kuna ambao wamebeba mambo hayo, hata kama utafiti wako unahusu usingizi au masomo tu.

Hatua ya tatu: vibali

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa taratibu hubadilika na ofisi zenyewe zitakueleza. Pitisha andiko lako kwa kamati ya maadili ya chuo chako. Utafiti unaogusa afya, ikiwemo afya ya akili, upeleke pia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na uulize mapema mahitaji ya Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama, hasa kama mna mtafiti mgeni. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri na kitengo chake cha ustawi wa jamii, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa na mwenyekiti. Usiruke ngazi kwa sababu una rafiki pale juu. Kibali cha mkoa hakimfanyi mwenyekiti wa mtaa akuamini, na bila yeye hutajua ni familia ipi imehama usiku.

Jambo moja katika hatua hii linastahili uzito zaidi ya linavyopewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa zinazomhusu mtoto kuwa ni taarifa nyeti. Eleza katika andiko lako, kwa maneno ya kawaida, nani ataziona taarifa hizo, zitakaa kwenye kifaa gani, na zitafutwa lini. Daftari lenye majina na namba zinazoyawakilisha kwenye madodoso likae peke yake, limefungiwa, mbali na madodoso, na majina ya watoto yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wasaidizi wako hata kwa dakika moja.

Hatua ya nne: panga utafanya nini mtoto akikuambia anaumizwa

Hatua hii huja kabla ya ridhaa na kabla ya dodoso, kwa sababu usipokuwa na jibu lake huna ruhusa ya kimaadili ya kuanza. Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na mtafiti hajasamehewa wajibu huo kwa sababu ameahidi usiri. Kwa hiyo usiahidi usiri usioweza kuutimiza. Mwambie mtoto tangu mwanzo: “Utakayoniambia sitayasimulia, ila ukiniambia kwamba wewe au mtoto mwingine anaumizwa, itabidi nimweleze mtu anayeweza kusaidia, na nitakuambia wewe kwanza ni nani huyo.”

Andika kwenye karatasi moja, ambayo kila msaidizi wako ataibeba, jina la cheo na simu ya afisa ustawi wa halmashauri husika, Dawati la Jinsia na Watoto lililo karibu, hospitali ambayo ina kituo cha huduma ya mkono kwa mkono (ambako aliyefanyiwa ukatili hupata matibabu, ushauri na msaada wa polisi mahali pamoja), na namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haitozwi. Waeleze wasaidizi kwamba mtoto aliyebakwa anatakiwa kufika hospitali haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Kama anayetajwa kuumiza ni mfanyakazi wa makao yenyewe, taarifa isipitie kwa mkuu wa makao. Iende moja kwa moja kwa afisa ustawi wa halmashauri, na makubaliano hayo yawe yameandikwa kabla hamjaanza. Niliwahi kushiriki utafiti ambao haukuwa na makubaliano ya namna hiyo. Msichana mmoja alisema jambo siku ya Ijumaa jioni, nasi tukashinda Jumamosi nzima tukiulizana nani wa kupigiwa simu, huku yeye akiwa amelala ndani ya uzio uleule pamoja na mtu aliyemtaja.

Hatua ya tano: ridhaa ya mlezi na kukubali kwa mtoto

Kwa mtoto anayeishi na mzazi, mambo ni mepesi. Kwa mtoto aliye makao, mara nyingi barua ya ridhaa husainiwa na mkuu wa makao, naye ndiye ambaye malezi yake yanachunguzwa. Nashauri ridhaa itolewe na afisa ustawi mwenye jalada la mtoto, na pale ambapo mzazi au ndugu anajulikana na hakuna hatari kwa mtoto, naye aulizwe. Mkuu wa makao aombwe ruhusa ya kuingia, kwa heshima zote, lakini isiwe yeye anayeamua ni mtoto gani atazungumza.

Mtoto mwenyewe naye lazima akubali. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, nami naamini kwamba haki hiyo inahusu pia kukataa kusema. Ugumu uko katika malezi yetu. Mtoto wa Dar aliyelelewa vizuri akimwona mtu mzima atamwamkia “shikamoo”, atainamisha macho, na atajibu “ndiyo” kwa lolote utakalouliza, likiwemo swali la kama yuko tayari kuulizwa. “Ndiyo” hiyo ni adabu, wala si ridhaa. Kwa hiyo mpe nafasi ya kukataa kwa vitendo kabla hujaanza: mwulize maswali matano mepesi, chakula asichokipenda au timu anayoishabikia, na umwombe akatae kujibu mawili ayatakayo kwa kusema “ruka”. Mtoto akishatamka “ruka” mara mbili na kuona kwamba hukununa, ataweza kulitamka kwenye swali zito. Katika mazungumzo ya kwanza ambayo nilitumia njia hii, mtoto mmoja aliniambia “ruka” kwenye maswali saba mfululizo yaliyohusu baba yake, na hayo yalikuwa maelezo tosha.

Hatua ya sita: maswali na lugha yake

Vipimo vilivyotengenezwa nje vinasaidia, ilimradi usivibebe kama vilivyo. Dodoso la nguvu na changamoto lililobuniwa na Robert Goodman mwaka 1997, ambalo hupima hisia, tabia na mahusiano ya mtoto kwa vipengele 25 vilivyogawanywa katika makundi matano, limetafsiriwa kwa Kiswahili na linatumika sana. Toleo lake la kawaida humtaka anayejibu afikirie miezi sita iliyopita. Nilipomsomea mvulana mmoja kipengele kinachohusu kuwa na rafiki mzuri, aliniuliza, “Hapa, au nilikotoka?” Alikuwa amefika makao wiki tano tu zilizopita. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko langu, kwani miezi sita ya mtoto huyo ilikuwa na nyumba tatu ndani yake. Tangu siku hiyo naanza kwa kuchora mstari wa muda pamoja na mtoto, tukiweka alama ya kila mahali alipoishi, ndipo tunakubaliana tunazungumzia kipande gani. Na kwa watoto waliohama karibuni natumia toleo la ufuatiliaji ambalo huuliza juu ya mwezi uliopita.

Maneno nayo yana mitego. Ukimwuliza mtoto wa Tandale kama ana “msongo” atakutazama tu, lakini akiambiwa “kuna siku unakuwa na mawazo?” ataelewa mara moja, kwa maana “mawazo” katika mazungumzo yetu ni mzigo, si fikra tu. Sikiliza watoto wenyewe wanasemaje: roho inaniuma, nimenuna, sina raha, nimemkumbuka mama. Kaa na watoto wanne au watano ambao hawatakuwemo kwenye utafiti, uwasomee kila swali, na uwaombe wakuambie kwa maneno yao wanachodhani umeuliza. Siku mbili za kazi hiyo zitakuokoa miezi ya majibu yasiyo na maana.

Mahali pa kuzungumzia pawe ambapo mlezi anawaona lakini hawasikii. Chini ya mwembe uani panafaa kuliko ofisini, kwa kuwa ofisini ndiko mtoto huitwa akikosea. Usipige picha. Na ukileta biskuti au soda, wapate watoto wote wa pale, ikiwa ni pamoja na waliokataa kushiriki, la sivyo umeshainunua “ndiyo” ya wiki ijayo.

Hatua ya saba: wachague kwa daftari

Ukiomba makao yakupe watoto kumi wa kuzungumza nao, utapewa kumi wanaojua kuzungumza: wachangamfu, wanaofanya vizuri darasani, waliozoea wageni. Huo si uovu wa walezi, ni ukarimu wao. Omba orodha ya usajili, andika namba, na upige kura kwa karatasi zilizokunjwa mbele ya watu. Watoto wenye ulemavu wasiondolewe kwa sababu “hawaongei vizuri”. Tafuta mkalimani wa lugha ya alama na utenge muda mrefu zaidi. Ingiza pia walioondoka, wakiwemo waliotoroka kama jalada linaonyesha na wanapatikana, kwa sababu utafiti unaowauliza waliobaki peke yao huwa umeshajua jibu kabla ya kuanza.

Angalia na kalenda. Septemba wanafunzi wa darasa la saba wapo kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, Jangwani hujaa maji na familia zilizo mabondeni huwa na shida kubwa kuliko dodoso lako.

Hatua ya nane: kurudi kwa mtoto yuleyule

Faida ya kurudi inaonekana wazi katika mradi ulioanza mwaka 2000 huko Bucharest, Romania, ambako watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi walipangwa kwa kura, nusu wakaenda kwa familia za malezi ya kambo zilizoandaliwa na mradi, na nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Watafiti wakina Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuata kwa miaka mingi, wakaona kwamba waliopata familia walikua kiakili kuliko wenzao, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sipendekezi mtu apige kura ya namna hiyo hapa kwetu. Romania ya wakati huo ilikuwa karibu haina malezi ya kambo, na bado wadadisi wa maadili waliujadili mradi huo kwa muda mrefu. Ninachokichukua ni subira yao. Kama wangewapima watoto mara moja tu na kuondoka, wasingejua kitu.

Dar es Salaam familia huhama. Kodi ya nyumba ikiisha baada ya miezi mitatu au sita, aliyekuwa Mbagala anaweza kuwa Chanika, na laini ya simu imebadilishwa. Katika ziara ya kwanza chukua, kwa ridhaa, namba za watu wawili wasioishi nyumba moja na mtoto, jina la shule, na alama za njiani jinsi wenyeji wanavyozitaja. Uliza kodi inaisha mwezi gani. Mpigie mlezi katikati ya ziara, hata kama huna swali, umjulie hali. Na mwambie mtoto siku ya kwanza kabisa kwamba utakuja mara tatu, umtajie miezi, na uishike ahadi hiyo hata ikikubidi kukodi bodaboda kwenye mvua. Bajeti inayoishia kwenye ziara ya kwanza ipunguziwe idadi ya watoto, isipunguziwe ziara.

Hatua ya tisa: uchambuzi na uandishi

Ukikuta kwamba watoto wa makao wana huzuni zaidi kuliko wa malezi ya kambo, usikimbilie kusema makao ndiyo yaliyowahuzunisha. Huenda waliopelekwa kwa familia walikuwa wadogo zaidi, au wenye afya zaidi, na walichukuliwa kwa sababu hiyo. Linganisha kwa umri, kwa idadi ya mahali walikopitia, na kwa muda waliokaa, na uandike waziwazi usichoweza kukitenganisha.

Katika kuandika, jina la bandia halitoshi. Ukisema “msichana wa miaka 13 mwenye ualbino anayelelewa katika makao ya Kigamboni”, umeshamtaja, na kwa mtoto huyo kutajwa ni hatari ya kweli. Badilisha au uache maelezo yanayomtambulisha hata kama yanapendeza, na umpe mtu anayelijua eneo hilo asome rasimu akijaribu kukisia ni nani. Akikisia mmoja, andika upya.

Hatua ya kumi: kurudisha matokeo

Halmashauri itataka kurasa mbili zenye mambo matatu inayoweza kuyafanya kwa bajeti iliyopo, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata itataka kikao. Wape vyote viwili. Lakini watoto wasikie kabla yao, katika ziara ya tatu, kwa lugha yao na bila kumtaja mtu. Waulize kama umewaelewa, na pale watakaposema sivyo, rekebisha ripoti kabla haijachapwa. Kundi moja la watoto lilipinga sentensi yangu iliyosema kwamba walikosa muda wa kucheza. Muda upo, walisema, ila mpira umefungiwa stoo na ufunguo anao mlinzi wa zamu ya usiku. Sentensi hiyo iliingia kwenye ripoti kama walivyoisema, na wiki hiyohiyo mlezi wa zamu ya mchana alipewa ufunguo wa pili.